Kilio Kile Kilikuwa cha Nani?

Katika likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni, watengenezaji wa tamthilia ya televisheni walikuja mtaani kwetu Bwaise, hapa Kampala, kupiga picha. Ilikuwa tamthilia ya uhalifu: genge linawaua waendesha bodaboda usiku na kuuza pikipiki zao, na askari mpelelezi mmoja, mwenye matatizo yake nyumbani kama ilivyo desturi ya wapelelezi wote wa televisheni, anawafuatilia. Walihitaji watu wa kujaza uwanja: vijana wa kukaa stejini, majirani wa kushangaa, wanawake wa kulia. Malipo yalikuwa shilingi 30,000 kwa siku pamoja na chakula cha mchana. Nilikuwa nadaiwa na mwenye duka la fotokopi karibu na chuo, kwa hiyo nilijiandikisha miongoni mwa wanawake wa kulia.

Sikumwambia mtu pale kwamba kaka yangu alikuwa mwendesha bodaboda, wala kwamba aliuawa usiku, miaka 6 kabla ya siku ile, na pikipiki yake haikuonekana tena. Majirani walijua. Wageni hawakujua, na hawakuuliza.

Naandika insha hii kwa sababu ya jambo nililolifanya mbele ya kamera siku hiyo, ambalo hadi leo sijaweza kuamua kama lilikuwa kosa. Swali lenyewe ni hili: maumivu ya kweli yakitumika kutengenezea hadithi, ruhusa huombwa kwa nani? Wenzangu wa darasa la maadili hujibu haraka kwamba ruhusa ni ya mwenye maumivu. Ni jibu zuri. Taabu yake ni kwamba maumivu ni mara chache yakawa na mwenyewe mmoja.

Kwanza nieleze kazi ile inavyokwenda, maana wengi wetu tunaijua kwa upande wa kioo tu. Tukio ambalo kwenye televisheni lilikuja kuchukua dakika mbili lilituchukua tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Sehemu kubwa ya muda huo tulikaa. Tulingoja jua litoke nyuma ya wingu, kwa sababu mwanga wa sasa haukufanana na mwanga wa mwanzo. Tulingoja kinyozi azime jenereta lake, kwa kuwa mtu wa sauti, aliyeshika maikrofoni iliyofungwa kwenye fimbo ndefu kama ya kuangulia maembe, alilalamika kwamba ngurumo ile inameza maneno. Damu ilikuwa sharubati nzito ya sukari iliyotiwa rangi nyekundu ya keki, na ilipofika saa nne nyuki walikuwa wamekwisha kuigundua. Maiti alikuwa kijana fundi wa simu kutoka mtaa wa pili. Kamera ikiwaka alilala bila kupumua kwa kifua. Ikizimwa aliinuka, akajipangusa nyuki, akaomba soda.

Nilijifunza pia kwamba kulia mara moja hakutoshi. Kamera inataka kumwona mtu kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha kutokea mgongoni mwa askari. Kwa hiyo kilio kilekile lazima kirudiwe, tena kifanane. Dada mmoja alikuwa na kazi ya kulinda kufanana huko. Alitupiga picha kwa simu yake, alikumbuka kitenge changu kilikuwa kimefungwa bega gani, na kuna wakati aliniambia kwa upole, "Nnyabo, mara ya kwanza chozi lilitoka jicho la kushoto."

Mara mbili za mwanzo tulilia vibaya. Mwongozaji, mtu mpole wa makamo, hakukasirika. Alisema tu, "Mnalia kama wanakwaya. Mtu amekufa."

Mara ya tatu ikanitoka sauti ambayo sikuipanga. Ilikuwa sauti ya mama yangu asubuhi ile walipokuja wenzake kaka, vijana watano wa stejini kwake, wakasimama mlangoni bila kuvua helmeti. Kwetu mwanamke akifiwa hupiga yowe, mikono kichwani, na majirani hujua kwa yowe hilo kabla hawajaambiwa. Lakini yowe la mama lilikuwa na kitu chake. Lilianza chini, karibu kama mtu anayeuliza swali, likakatika katikati, halafu likapanda. Sikuwahi kulitoa kwa kinywa changu. Siku ile lilitoka lote, pamoja na kule kukatika.

Uwanja ukanyamaza. Maiti mwenyewe alifungua macho. Mwongozaji akasema "Kata," akaja, akanishika bega, akaniambia, "Hiyo ilikuwa ya kweli. Sasa nipe hiyohiyo kwa karibu."

Nami nikampa. Hapo ndipo penye swali langu. Ile ya tatu ilinijia yenyewe, na sidhani mtu anaweza kulaumiwa kwa kilio kilichomtoka. Ya nne niliiita. Nilifumba macho, nikaenda mlangoni petu, nikamtazama mama, nikangoja akatike pale katikati ili nimfuate. Ya tano ilikuwa rahisi zaidi. Kwenye ya sita machozi yalikuwa yakinitoka huku nikiwaza kama kitenge kimekaa bega lake.

Mhadhiri wetu wa tamthilia, nilipomsimulia, hakunihukumu. Alinipa kisa cha Polus. Huyu alikuwa mwigizaji mashuhuri wa Ugiriki ya kale, na habari yake ilihifadhiwa na mwandishi wa Kirumi Aulus Gellius. Polus alikuwa amefiwa na mwanawe. Aliporudi jukwaani mjini Athens aliigiza nafasi ya Electra katika tamthilia ya Sophocles, mwanamke anayepewa chombo anachoamini kina majivu ya ndugu yake Orestes, naye akakipakata na kukililia. Polus alikwenda kaburini kwa mwanawe, akachukua chombo chenye mabaki ya mtoto huyo, akakipakata jukwaani mbele ya watu. Gellius anasema mahali pote palijaa maombolezo ya kweli, si ya kuiga.

Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya ufundi. Mimi nikikisoma namfikiria mama wa mtoto, ambaye Gellius hamtaji. Kama alikuwa hai, chombo kile kilikuwa chake pia. Polus alitaka kuhuzunika, na hakuna wa kumzuia baba asihuzunike. Lakini alichukua kitu cha nyumba nzima akakipeleka mahali ambapo watu wamekuja kustarehe, na waliokuwa wakimtazama hawakujua wanatazama nini. Walidhani wanamlilia Orestes.

Mfaransa Denis Diderot, ambaye maandishi yake juu ya kitendawili cha mwigizaji yalichapishwa mwaka 1830, miaka mingi baada ya kufa kwake, angetucheka mimi na Polus. Kwake mwigizaji bora hahisi chochote. Hutazama, hukumbuka, kisha hurudia akiwa na kichwa baridi. Nilimsoma Diderot nikitafuta utetezi, maana kwenye ile ya sita nilikuwa mwigizaji wake kabisa. Utetezi huo uliniumiza zaidi. Ikiwa sikuhisi kitu, basi kilichobaki ni kwamba nilibeba sauti ya mama yangu nikaipeleka kazini.

Nikataka kujua kama wapo waliofanya kazi hii kwa uangalifu kuliko sisi, na wamefika wapi. Mwenzangu wa bwenini alinipa flashi yenye The Wire yote, sehemu 60, tamthilia ya kituo cha HBO cha Marekani iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2008. Niliitazama kwa wiki tatu ambazo nilipaswa kuwa nasoma isimu. Nakala yangu haikuwa imetiwa sauti na vijei, hawa wasimulizi wetu wa filamu hapa Kampala, na Kiingereza cha vijana wa Baltimore ni kigumu, kwa hiyo nusu ya maneno yalinipita. Hata hivyo nilielewa kwamba watu wale hawakubahatisha.

Waliokuwa nyuma ya kamera walikuwa watu wa mji wenyewe. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu wa gazeti la Baltimore Sun. Mwaka 1988 alikaa na wapelelezi wa mauaji wa jiji hilo mwaka mzima, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1991 na kuzaa tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 1993. Mwenzake, Ed Burns, alikuwa mpelelezi wa mauaji aliyestaafu upolisi akawa mwalimu wa shule. Kabla ya The Wire wawili hawa walikaa tena mwaka mzima kwenye kona moja ya mtaa wa magharibi mwa Baltimore ambako dawa za kulevya ziliuzwa mchana kweupe. Matokeo yake yalikuwa kitabu, The Corner, mwaka 1997, na tamthilia ya HBO ya jina hilohilo, yenye sehemu sita, mwaka 2000. Hawakubadilisha majina. Familia waliyoiandika ilikuwepo, ilijulikana, na iliendelea kuishi palepale wakati nchi nzima inaitazama.

Katika familia hiyo alikuwamo kijana aliyeitwa DeAndre McCullough. Alikuwa na miaka kama 15 Simon na Burns walipoanza kumfuata na daftari zao. Mama yake na baba yake walikuwa wametekwa na dawa, naye alikuwa ameanza kuuza. Tamthilia ilipotengenezwa, mwigizaji mwingine, Sean Nelson, aliigiza nafasi ya DeAndre, na DeAndre mwenyewe akapewa sehemu ndogo: askari anayemkamata DeAndre. Nilisimamisha kompyuta nikakaa kimya nilipojua hilo. Kijana amevaa sare ya polisi, anamtia pingu kijana ambaye ni yeye. Baadaye alipewa sehemu nyingine, ya mtu aitwaye Lamar, katika The Wire.

The Corner ilipata tuzo kubwa za televisheni za Marekani. DeAndre alikufa Agosti 2012 kwa dawa za kulevya, akiwa na miaka 35.

Sitaki mtu asome sentensi mbili hizo akadhani ya kwanza ilisababisha ya pili. Sidhani hivyo. Kona ile ilimkuta mapema kuliko kamera. Ninachouliza ni kuhusu ruhusa. Familia haikuibiwa hadithi, ilikubali. Lakini mtoto wa miaka 15 anapokubali kuandikwa, anakubali nini hasa? Hawezi kujua kwamba akiwa na miaka 30, mahali pote atakapoomba kazi, yupo mtu aliyemwona kwenye televisheni akiuza dawa. Ridhaa yake ni ya siku ile, na hadithi inabaki maisha yake yote. Sisi wa lugha tunapenda kusema kalamu ni amana. Sijui amana ipi isiyoweza kurudishwa kwa mwenyewe hata akiitaka.

Mfano mwingine unanipa taabu kubwa zaidi. Michael K. Williams, aliyeigiza Omar, mnyang'anyi anayewaibia wauza dawa, alikutana katika kilabu kimoja cha Baltimore na msichana aitwaye Felicia Pearson, akampeleka kwa watengenezaji. Wakamwandikia nafasi ya muuaji wa kukodiwa mwenye uso usiobadilika, wakaiita kwa jina lake, hata lile la utani, Snoop. Ni mmoja wa waigizaji wa kutisha kuliko wote niliowahi kuona, kwa sababu haonekani kuigiza. Pearson alikuwa ametiwa hatiani kwa kuua akiwa na miaka 14 na akafungwa gerezani Maryland. Kwa upande wake, nafasi ile ilikuwa mlango. Mtu aliyetoka gerezani akapata kazi halali, akaheshimiwa kwa kazi yake. Nani atasimama mlangoni hapo na kumrudisha? Si mimi. Lakini aliyeuawa naye alikuwa mtoto wa watu. Kama wanayo televisheni, walimwona aliyemuua mtu wao akiua kwa kuigiza, kwa jina lake la kweli, wiki baada ya wiki, na nchi nzima ikimsifu kwa kuwa wa kweli. Namfikiria mama mmoja mbele ya televisheni hiyo. Ridhaa ya Pearson ilikuwepo. Ya huyu mama sijui hata ingeombwa kwa maneno gani.

Neno "ya kweli" ndilo lililonishtua kwa mwongozaji wetu, na ndilo linalotawala sifa zote za The Wire. Tunasema ni ya kweli kana kwamba tumesema ni ya haki. Andre Royo, aliyeigiza Bubbles, mteja wa dawa aliyechakaa, amesimulia kwamba akiwa amevaa matambara yake ya kuigizia mtu wa mtaani alimhurumia akampa pakiti ya dawa, akiamini anaihitaji kuliko yeye. Royo aliichukulia kama tuzo. Ni kisa cha kuchekesha na nilicheka. Halafu nikamfikiria aliyetoa. Mtaani kule pakiti ile ni pesa, na pengine ilikuwa zamu yake mwenyewe. Alitoa sadaka ya kweli kwa mtu wa uongo, akaenda zake bila kuambiwa.

Profesa mmoja wetu alipopitia rasimu ya insha hii aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa hiyo wasitengeneze?" Hapana, Profesa. Kama tamthilia za uhalifu zingetengenezwa na watu wasiojua lolote tungebaki na maiti zisizo na mama, kama zile za zamani ambapo mtu anauawa dakika ya tatu ili mpelelezi apate kuonyesha akili zake. Simon na Burns waliwapa wafu wa Baltimore majina, madeni, watoto na vichekesho. Sitaki hilo lipotee.

Ila ninaloliheshimu kwao si ukweli wa picha. Ni kwamba hawakuondoka. Donnie Andrews alikuwa mnyang'anyi wa wauza dawa, mmoja wa watu ambao Omar alichotwa kwao. Aliua mtu kwa kukodiwa, akakiri kwa Ed Burns, akahukumiwa kifungo cha maisha. Akiwa bado gerezani, Burns na Simon walimkutanisha kwa simu na Fran Boyd, mama yake DeAndre, aliyekuwa akipigana kuachana na dawa. Wakawa wanaongea. Fran akaacha dawa. Andrews akaachiwa mwaka 2005, wakaoana mwaka 2007, na Andrews akapata sehemu ndogo katika The Wire. Mambo hayo hayakuonekana kwenye kioo. Kwa miaka mingi watu wale walibaki watu wa kupigiana simu, si "chanzo" cha kitabu kilichokwisha. Na bado DeAndre alikufa. Andrews naye alikufa mwaka uleule wa 2012. Williams, ambaye alisema hadharani kwamba alishindwa kumwacha Omar kazini na kurudi nyumbani bila yeye, alikufa kwa dawa mwaka 2021. Kubaki karibu hakukuwaokoa wote. Lakini nikilinganisha na kikundi kilichokuja Bwaise saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja kikiacha nyuki, naona tofauti ambayo malipo ya shilingi 30,000 hayawezi kuifuta, wala malipo makubwa zaidi. Hawakuwa watu wabaya. Walitulipa siku ileile, na chakula kilikuwa kizuri, posho na nyama. Ni kwamba hawakukaa muda wa kutosha kujua wamechukua nini.

Nami sikuwaambia. Sina budi kulikiri hilo, maana ni rahisi kuwalaumu. Wao waliomba kilio, hawakuomba cha mama. Mimi ndiye niliyekwenda kaburini kuchukua chombo.

Sehemu yetu ilionyeshwa miezi mitano baadaye, usiku wa Jumapili. Mama hakujua kwamba nimo. Nilikusudia kumwambia, nikawa naahirisha. Alikuwa nje akimenya matoke ya kesho, na dirisha la jirani lilikuwa wazi. Alisikia kabla hajaona. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona kisu kinasimama.

"Hiyo sauti umeitoa wapi?" aliniuliza. Wala hakuuliza kama ni mimi.

"Kwako, Mama."

Alimenya ndizi mbili, tatu. "Walijua ni ya mwanangu?"

"Hawakujua."

"Uliitoa mara ngapi?"

"Mara nne, Mama."

Hakusema kitu tena usiku ule. Asubuhi alinipa chai kama kawaida.

Mwaka huu wamenipigia simu. Wanatengeneza msimu wa pili, na mwongozaji amesema anamtaka yule msichana aliyelia. Safari hii nilimwambia mama kwanza. Alifikiri siku mbili, akanijibu: "Waambie waje wakae hapa kwanza. Wanywe chai, niwaeleze habari za mwanangu, alikuwa mtu wa namna gani. Halafu nitaona." Nikampelekea ujumbe huo dada anayeshughulikia waigizaji. Alinisikiliza vizuri, akasema ratiba yao ni ngumu, ila atauliza. Bado hajapiga.